Chai ya Kalongolongo

Leo tuanze na hesabu ya chai.

Mwaka 2004, watafiti wakiongozwa na Vincent Onywera, pamoja na Yannis Pitsiladis na wenzao, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kwenye kambi ya mazoezi hapa hapa Kaptagat, Kenya. Kwa siku saba walipima kila kilichoingia vinywani mwa wakimbiaji kumi wa kiwango cha juu. Ugali ulipimwa, wali ukapimwa, kabeji, maharagwe, maziwa. Chai ya maziwa peke yake ilifika lita moja na robo hivi kwa siku kwa kila mkimbiaji. Na sukari, hii hii ya kuchotwa kwa kijiko, ilileta karibu sehemu moja ya tano ya nguvu yote waliyoipata kwenye chakula. Ni ugali tu ulioishinda. Ukipiga hesabu, hiyo ni kama gramu 150 kwa siku, vijiko vya chai zaidi ya 35.

Najua kuna muuguzi wa kliniki anayenisikiliza na tayari ameshika kichwa. Ngoja kwanza, dada. Vijana wale walikuwa wanatumia kalori kama 3,600 kwa siku na kula pungufu ya 3,000, na wiki ilipoisha walikuwa wamepungua uzito. Mwili wa namna ile hauna nafasi ya kugeuza sukari kuwa mafuta, unaichoma ikiwa bado ya moto. Hata siku ile ya tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42 kule Vienna kwa saa 1:59:40, watu wa baiskeli walikuwa wakimpa chupa za kinywaji kilichojaa wanga njiani. Hakuna aliyemwambia apunguze.

Shida yetu leo ni mtu mwingine, mfupi zaidi, ambaye pia anaishi Kaptagat na pia anakunywa chai. Mtoto wa miaka minne au mitano. Huyu anawaona mashujaa wakipita alfajiri kwenye barabara ya msitu, vumbi jekundu miguuni, na anajua wakirudi wanakunywa nini. Nyumbani anaona chupa ya chai imekaa mezani tangu asubuhi. Halafu siku moja mwalimu wa chekechea anatundika picha ya jino lililooza na kusema sukari ni mbaya. Mtoto anamtazama mwalimu, anatazama na kikombe cha mwalimu saa nne. Hasemi kitu, ila ameshahukumu kesi.

Ndiyo maana mimi sina imani na mahubiri ya sukari kwa watoto wadogo. Mtoto wa umri huo hajifunzi chakula kwa kuambiwa. Anajifunza kwa kuiga, na akishaiga anakirudia alichokiona katika mchezo mpaka kiwe chake. Tukitaka kumfundisha habari ya sukari, tuingie mahali anapojifunzia tayari, yaani mchezoni, na tuingie kwa adabu, kwa sababu huko yeye ndiye mwenye nyumba.

Mchezo wenyewe mnaujua wote. Kalongolongo. Wengine walisema cha baba na cha mama. Mkebe wa mafuta ya kupikia ndio sufuria, tope ni ugali, majani ya ua ni sukuma wiki. Na mchanga? Mchanga ni sukari! Kaa kando siku moja, jifanye unamenya viazi, utazame mchanga unavyomiminwa. Kuna mtoto anayetia konzi moja na kukoroga. Kuna anayetia konzi nne, akaonja kwa mdomo mtupu, akakunja uso, akaongeza ya tano. Hakuna aliyemfundisha hayo darasani. Ndani ya kalongolongo hakuna siri ya jikoni inayobaki, na ukitaka kujua nyumba ya jirani inatumia kilo ngapi kwa wiki, usiulize dukani.

Sasa, badala ya kupita na kusema "acheni kuchezea uchafu," piga hodi. Watasema karibu. Keti kwenye jiwe ulilopewa, upokee kikombe chako kwa mikono miwili, na useme, "Asante mama. Mimi naomba kijiko kimoja tu." Utaona mwenye nyumba anasimama kufikiri. Anaweza kukujibu kwamba kwao wanaweka vitano. Usimkosoe. Mwambie wewe ukinywa yenye vitano huisikii ladha ya maziwa. Kesho yake nenda tena, omba isiyo na sukari kabisa. Kesho kutwa omba mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni. Heshima ya mgeni katika nchi yetu ni kubwa, na mtoto anaijua. Atakuhudumia kama ulivyoomba, na mkono wake utakuwa umefanya jambo ambalo sikio lake lingelikataa. Nguvu ya mchezo iko hapo, kwamba kanuni inatekelezwa na mtoto mwenyewe, tena akiwa na cheo.

Hapa kwetu mchezo huo unaweza kupanda daraja ukawa kambi. Watoto wa Kaptagat hawahitaji kuelezwa kambi ni nini. Mmoja ni kocha, ana filimbi na saa iliyochorwa kwa biro kwenye mkono, ni Patrick Sang mtupu, yule aliyemfundisha Kipchoge. Wengine ni wakimbiaji. Na lazima awepo mpishi na awepo wa zamu ya usafi, kwa maana hata Kipchoge, na mataji yake yote, amesimuliwa mara nyingi akisafisha choo cha kambi zamu yake inapofika. Mpishi wa kambi ya watoto hupakua ugali, managu, maharagwe, kipande cha nyama siku ya nyama, maziwa lala. Wakimbiaji wale wa utafiti wa mwaka 2004 nao walikula karibu hivyo, chakula chao kingi kikitoka shambani na nyama ikiwa kidogo tu. Watu wengi wanaotaka kuiga mabingwa wanaiga viatu. Watoto waacheni waige sahani.

Ila kuna mchezo mmoja siupendi, na nimeusikia ukisifiwa. Ule wa kumwambia mtoto azunguke uwanja mara mbili ndipo apate peremende, au azunguke mara tatu kwa sababu ameshaila. Huo unamfundisha kuhesabu chakula kama deni la kulipwa kwa miguu. Mtoto anakimbia kwa sababu ni mtoto. Asifanyiwe riadha kuwa adhabu, hasa mahali kama hapa ambapo riadha inalisha nyumba nyingi.

Turudi kwenye hesabu, kwa kuwa mtoto wa chekechea anapenda kuhesabu kuliko tunavyodhani. Walimu wengi huwaomba watoto walete vifuniko vya soda kwa ajili ya kujumlisha na kutoa. Vizuri. Vifuniko hivyo hivyo vinaweza kusema vilikotoka. Weka mezani chupa tupu ya kola ya mililita 300. Waulize watoto, ndani ya chupa hii mlikuwa na vijiko vingapi vya sukari? Wataje wote, hata anayesema mia. Kisha pangeni vifuniko kimoja kimoja, kila kifuniko kijiko kimoja, mpaka vifike vinane. Hicho ndicho kiasi chake, kama gramu 32. Waacheni wakae kimya kidogo, kisha wapange vifuniko vya kikombe cha chai cha nyumbani kwao, na vya kikombe cha maziwa matupu. Hapo safu inakuwa tupu, na safu tupu inawachekesha sana.

Mzazi, wewe nikupe hesabu ya kwako, ya kikubwa. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2015, lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Mtoto wa miaka minne au mitano anahitaji kalori kama 1,200 hadi 1,400. Asilimia 10 yake ni gramu 30 hadi 35. Kwa hiyo ile chupa moja imemaliza siku nzima, na bado hajanywa chai, hajala mkate wenye jemu, hajapita kwa nyanya yake.

Nikitaja chai nataka tuingie jikoni kabisa, kwa sababu mchezo wa uani hauwezi kushindana na sufuria ya ndani. Nyumba nyingi sukari hutiwa humo humo kwenye sufuria, maziwa yakishachemka pamoja na majani, kisha yote yanamiminwa kwenye chupa ya chai. Baba aliyetoka kulima anakunywa hiyo, mtoto anakunywa hiyo, mgeni anakunywa hiyo. Hakuna anayejua amekunywa vijiko vingapi, hata aliyepika. Sukari ikitolewa kwenye sufuria ikawekwa kwenye bakuli lake mezani, inaonekana, na kitu kinachoonekana kinaweza kuhesabiwa na mtoto. Mpe cheo: wewe leo ndiye mwenye kijiko. Awaulize watu wote mezani wanataka ngapi, aweke, akoroge. Mkimbiaji akisema vitano, atiliwe vitano, na mtoto aelezwe kwa maneno ya kweli kwamba mjomba amekimbia kilomita 30 tangu alfajiri na mwili wake umekwisha nguvu. Wewe uliyeketi ofisini tangu asubuhi ujiandae kueleza vitano vyako.

Wakati sukari ilipopita shilingi 200 kwa kilo, mwaka 2023, nyumba nyingi zilianza kutumia bakuli hilo bila kusomewa mwongozo wowote wa afya. Ulimi ulizoea. Tulilalamika wiki chache, kisha tukalalamikia unga.

Sasa niseme na wazazi kidogo kuhusu uongo. Sisi wote tuliambiwa peremende huleta minyoo. Waliotuambia walitupenda, lakini si kweli. Minyoo ya tumbo huja na mayai yake yaliyo kwenye udongo na mikono michafu na mboga isiyooshwa. Sukari ina kosa lake jingine: vijidudu vilivyo mdomoni huila na kutoa tindikali, na tindikali hiyo hulila jino. Hilo lenyewe linachezeka vizuri tu. Watoto wawili wawe meno, mmoja awe kijidudu mwenye njaa, kila anayepita na "peremende" kijidudu anapata nguvu ya kusukuma, na anayekuja na mswaki anamfukuza. Ni fujo, watapiga kelele, lakini ni kweli tupu. Mtoto akija kugundua kwamba habari ya minyoo ulimdanganya, na ile ya mswaki hataiamini.

Uongo mwingine umetujia kutoka ng'ambo, nao unasema mtoto akila sukari anapandwa na wazimu, hashikiki wala hatulizwi. Mwaka 1994, watafiti wa Marekani, Hoover na Milich, waliwaita akina mama pamoja na watoto wao wa kiume wa miaka mitano hadi saba. Baadhi ya akina mama waliambiwa, mwanao tumempa sukari nyingi. Ukweli ni kwamba hakuna mtoto aliyepewa hata chembe. Akina mama walioambiwa hivyo waliwaona watoto wao kuwa watundu zaidi, wakawakaripia zaidi, wakawa wanawaandama karibu karibu. Mwaka uliofuata, uchambuzi uliokusanya majaribio mengi haukuona sukari ikibadili mwenendo wa watoto. Kwa hiyo siku ya harusi watoto wanaporuka juu ya viti vya plastiki, tulaumu harusi.

Na kuna uongo wa tatu ambao hatuusemi kwa mdomo, tunautenda. Umeimba vizuri, shika peremende. Umesoma herufi zote, shika peremende. Umemaliza mboga, sasa unaweza kupata keki. Leann Birch, mwanasaikolojia aliyetumia maisha yake kuchunguza ulaji wa watoto, alionyesha na wenzake mwaka 1980 kwamba chakula kinachotolewa kama tuzo hupendwa zaidi na mtoto baada ya hapo. Baadaye, mwaka 1999, yeye na Jennifer Fisher wakaonyesha upande wa pili, kwamba chakula kinachowekwa mbele ya mtoto na kukatazwa humvuta zaidi kuliko kile kisicho na marufuku. Yaani ukiifanya peremende kuwa medali umeipandisha cheo, ukiifanya haramu umeipandisha vile vile. Mwalimu, una tuzo nyingine kede kede. Mtoto aliyefanya vizuri apewe filimbi ya kocha. Aongoze mstari kwenda kunawa mikono. Kijiji kizima kinajua thamani ya kuwa mbele.

Basi peremende iende wapi? Iwe na siku yake na wakati wake, wala isifanyiwe sherehe. Kule Sweden, kati ya mwaka 1945 na miaka ya hamsini mwanzoni, kulifanyika majaribio katika taasisi ya Vipeholm, ambako watu wenye ulemavu wa akili walilishwa peremende za kunata ili ionekane meno yanaozaje. Ni kazi ya aibu, watu wale hawakuwa na uwezo wa kukubali wala kukataa, na meno yao yaliharibiwa. Lakini jibu lililopatikana bado linatumika duniani kote: madhara yanategemea sana mdomo umeguswa na utamu mara ngapi, na kama utamu huo umeganda kwenye meno katikati ya milo. Waswidi wakatoka na desturi ya peremende za Jumamosi. Kwa mtoto wetu maana yake ni kwamba lolipopi inayolambwa kuanzia kituo cha boda boda mpaka jioni, ikiwekwa mfukoni na kutolewa tena na manyoya ya sweta, ni mbaya kuliko peremende mbili zilizoliwa baada ya chakula cha mchana zikaisha.

Nimesema mengi ya kupunguza, nikisahau kwamba mtoto ana haki ya kufurahia. Kwa hiyo mchezo ambao ningeuanzisha kwanza kuliko yote ni wa kufumba macho. Kitambaa machoni, mikono nyuma, kijiko kinakuja mdomoni: karoti mbichi, kiazi kitamu cha kuchemsha, tunda damu, parachichi, pera, maziwa lala. Anayetambua anakuwa mlishaji. Watoto wataruka na kutema mara ya kwanza, na hilo ni la kawaida. Tafiti za akina Birch na wengine zimeonyesha mtoto anaweza kuhitaji kuonja kitu mara nane, mara kumi, hata zaidi, kabla hajakikubali. Sisi humpa managu mara mbili, akikunja uso tunatangaza kwa ukoo mzima kwamba huyu hali managu. Mchezo una faida hiyo, kwamba hauchoki kurudiwa.

Na jioni, umeme ukikatika, kuna vitendawili. Si lazima vile vya vitabuni. Kitendawili! Tega. Mgeni wangu mweupe, akiingia kwenye chai haonekani, lakini kila mtu anajua amefika. Hicho ni rahisi. Kitendawili! Tega. Amezikwa mzima, nywele zake za kijani ziko nje. Hapo mtoto aliyevuta karoti shambani kwa mkono wake atalipata jibu kabla ya mtoto wa Eldoret mjini, na ajivune kidogo, hakuna ubaya.

Mtaala wetu mpya, uliosambazwa nchini mwaka 2019, unaupa mchezo nafasi kubwa katika madarasa ya chini, na lishe imo ndani yake. Karatasi iko sawa. Ninachokiogopa ni lango la shule. Ndani vifuniko vinahesabiwa, nje kuna beseni la mandazi, maji ya rangi yaliyogandishwa na peremende za shilingi chache. Mama anayeuza pale ana watoto wa kulisha. Kumfukuza si jibu. Kamati ya shule ikae naye, imwombe auze ndizi, mahindi ya kuchemsha na matunda damu upande mmoja wa beseni, na watoto wanapocheza duka darasani wacheze duka lake yeye, kwa jina lake, wakija kununua ndizi. Biashara yake itatangazwa bure.

Nimalizie na maswali mawili yaliyoletwa na wasikilizaji wa upande wa Keiyo, ambao mizinga yao ya nyuki tunaijua. La kwanza, je, asali nayo ni sukari? Ndiyo, mdomoni na kwenye hesabu ile ya asilimia 10 ni sukari. Na kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, asali asipewe kabisa, hata ya kulamba kidoleni, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu tumboni mwa mtoto mchanga na kumlegeza misuli. Akishavuka mwaka hatari hiyo imepita. La pili, na miwa? Utamu ni ule ule, ila kuupata ni kazi ya taya, na mara nyingi mtoto huchoka kabla hajafikia sukari ya chupa ya soda. Mmenyee mwenyewe, mkatie vipande vifupi, aketi akila asikimbie navyo mdomoni, akimaliza asukutue kwa maji. Maganda wapewe ng'ombe.